Kwa nini "mawazo" humfanya mtu asiweze?

Zanzibar mtu akiumwa tunasema hawezi. "Mama hawezi." "Babu hawezi kifua." Na mtu akiwa kimya siku nyingi, chakula hakimpiti, usiku anageuka kitandani mpaka adhana ya alfajiri, tunasema ana mawazo. Nimekua nikiyasikia maneno haya mawili bila kuyaunganisha, mpaka msimu mmoja wa karafuu, kijiji cha karibu na Wete, Pemba, nilipokaa jamvini kuchambua na mama mmoja jirani yetu.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Unashika kichala, unakikandamiza kiganjani na kukizungusha, tumba zinaanguka huku, makonyo, yaani vile vijiti vyake, unayatupa kule. Mama huyu alikuwa mwepesi kuliko sote, pishi yake hujaa wakati sie bado tunasogeza makuti ya kukalia. Msimu ule mikono yake ilikuwa ikisimama. Anashika kichala, anakitazama, kinabaki vilevile mkononi.

"Mama, huwezi?" nikamuuliza.

"Siwezi, mwanangu. Mwili wote waniuma, kichwa kizito, na sijui naumwa nini."

Alikwishapima malaria mara mbili, na presha, na damu. Kila alikokwenda aliambiwa yuko salama, akarudi nyumbani na panadoli. Watu wakaanza kunong'ona kuwa anajitia. Hilo liliniuma zaidi, kwa sababu maumivu yake yalikuwa ya kweli.

Je, wajua kwa nini mawazo, kitu kisichoshikika, yaume mgongoni na mabegani? Ubongo ni kiungo cha mwili kama ini na moyo, na ndio unaopima maumivu yote tunayoyasikia. Kuna njia za neva zinazoshuka kutoka ubongoni hadi uti wa mgongo, kazi yake kupunguza makali ya maumivu, na hutumia kemikali ziitwazo serotonini na noradrenalini. Kemikali hizo hizo zina mkono wake katika usingizi, hamu ya kula na furaha ya mtu. Kwa hiyo hali ya moyo ikivurugika, mara nyingi na mwili nao hulalamika. Ndiyo maana dawa moja, amitriptilini, daktari huweza kumwandikia mwenye maumivu ya neva na akamwandikia pia mwenye ugonjwa huu wa mawazo. Lakini tusidhani kwamba kemikali moja imepungua kama mafuta ya taa kwenye kandili. Mambo ya ubongo yana mizizi mingi kuliko hivyo.

Hospitalini ugonjwa huu huitwa sonona. Si huzuni ya kawaida. Aliyefiwa hulia, kisha mjukuu akifanya kituko hucheka na machozi yapo mashavuni. Mwenye sonona hata kile alichokuwa akikipenda hakimwingii tena. Daktari hutazama kama hali hiyo imedumu kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kukinai au kuzidi, uchovu, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, kujiona hana thamani, au kuwaza kifo. Shirika la Afya Duniani limekadiria watu zaidi ya milioni 280 wenye ugonjwa huu duniani, na wanawake huupata zaidi ya wanaume.

Chanzo? Mara chache ni kimoja. Urithi wa damu umo. Msiba, deni, talaka, ndoa ya kipigo na upweke vimo. Tezi ya shingoni ikipunguza kazi, mtu huweza kuonekana ana mawazo kumbe tatizo liko pale shingoni, ndiyo maana vipimo vya mwili ni muhimu kabla ya kuhukumu. Na wakati mwingine huoni sababu yoyote. Hili si jipya hata kidogo: zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh, Afghanistan ya leo, aliandika juu ya maradhi ya mwili na ya nafsi, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu ya wazi. Nikisikia mtu anasema haya ni maradhi ya kizungu, humkumbuka yeye.

Uzazi nao nautaja peke yake, kwa sababu tunausahau. Mzazi tunamweka ndani siku 40, tunamkanda kwa maji ya moto, tunampikia uji wa pilipili manga, na hayo ni mema matupu. Lakini takriban mzazi 1 kati ya 10, na katika nchi kama zetu zaidi ya hapo, hupatwa na sonona baada ya kujifungua. Mama anamtazama mtoto na hasikii kitu, anaona haya kusema, na wageni wote wamekuja kumtazama mtoto. Mwulizeni na yeye.

Kuna na ndugu wa sonona, yaani wasiwasi, na hapa kwetu una sura moja ambayo kila mwenye kwenda msikitini ameiona. Kijana yuko mferejini anatawadha. Sunna ni kuosha mara tatu, naye amefika mara ya tisa kwenye kiwiko cha kushoto. Imamu ameingia rakaa ya pili, maji yanamwagika, kijana anatetemeka kwa sababu ndani kitu kinamwambia, "Hujaenea." Akitoka hapo atarudia nia, kisha atarudia takbira. Tunamdhania mcha Mungu kupita kiasi, kumbe mara nyingi ni ugonjwa: wazo linamjia bila kulitaka, hofu inapanda, anarudia kitendo ili hofu ishuke. Inashuka kweli, kwa dakika chache, na ubongo unajifunza kwamba dawa ya hofu ni kurudia. Kila akirudia, pingu inakaza.

Tiba yake hukata mzunguko huo. Anafundishwa kutawadha mara moja, afunge mfereji, aondoke na hofu yake bila kurudi, mpaka hofu ipungue yenyewe. Siku za mwanzo ni mateso, halafu inalegea. Kinachonifurahisha ni kwamba masheikh wetu humwambia jambo hilo hilo: wasiwasi usiusikilize, endelea na sala yako. Hapo daktari na sheikh wamekaa mkeka mmoja.

Ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo yasiyo na mshiko, ambao hospitali huuita skizofrenia, ni wa watu wachache zaidi, kama 1 kati ya 300. Ndio huo tunaouita wazimu, na ndio unaotutisha hadi jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili iliyoko mjini Unguja, tukaligeuza tusi. Una dawa tangu miaka ya 1950. Mgonjwa wa namna hii akifungwa kamba nyumbani, kila mwezi unaopita bila matibabu humzidishia ugumu wa kupona. Familia nyingi huanza kwa kisomo na kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani anayonyweshwa mgonjwa, nami simlaumu mtu kwa kumwombea mwanawe. Ninachoomba ni kisomo kisiwe sababu ya kuchelewa. Mtume ametufundisha kwamba hakuna maradhi ila yameteremshiwa dawa.

Nirudi kwenye sonona. Dawa zake, kama fluoksetini, si panadoli. Huchukua wiki 2 hadi 6 kabla mtu hajaona nafuu, na wengi huziacha wiki ya kwanza kwa kuwa wameona kinywa kikavu au kichefuchefu tu. Hazimfanyi mtu teja. Ila zisikatwe ghafla, na aliyepata nafuu hushauriwa aendelee nazo miezi 9 hadi 12 ili ugonjwa usirudi.

Sonona isiyo kali huweza kutibika kwa mazungumzo peke yake. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia mtu achague tatizo moja, alivunjevunje, aanze na hatua moja. Kishona wana neno, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ni yale yale mawazo yetu. Utafiti uliochapishwa 2016, uliohusu watu 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6, kati ya waliokaa kwenye benchi asilimia 14 hivi ndio waliobaki na dalili za sonona, na kati ya wenzao waliopata huduma ya kawaida asilimia 50. Mpango huo umefika na Zanzibar. Bibi wa kusikiliza hatujawahi kuwakosa visiwani.

Mtu akisema anatamani afe, usimwambie "usiseme hivyo" kisha ukanyamaza. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mama wa jamvini alipelekwa na mwanawe kwa daktari aliyemwuliza habari za usingizi kabla ya habari za mgongo. Akapewa dawa, akapewa na siku za kwenda kuzungumza. Wiki ya tatu alilala usiku kucha. Wiki ya sita nilimkuta jamvini, ameinama juu ya fungu langu la karafuu, anatoa kijiti kimoja kimoja. "Nani huyu," akauliza, "aliyenichanganyia makonyo na tumba?"