Kwa nini gari linavuta kushoto hata baada ya kufanyiwa alaimenti?

Msimu wa karafuu hapa Pemba, kando ya barabara majamvi huwa yametandazwa kila penye mji, na hapo ndipo nilipojua kwamba Corolla yangu ya 1998 inaumwa. Ukiachia usukani pumzi mbili tu, pua inaelekea kwenye karafuu za watu. Nikalipa alaimenti, yaani kuwekewa sawa pembe za magurudumu, likavuta vilevile. Nikalipa tena kwa fundi mwingine, likavuta vilevile, na juu ya hayo usukani nao ukakaa upande.

Kumbe alaimenti tunayofanyiwa wengi wetu inarekebisha pembe ambayo kwa kawaida si hiyo inayovuta gari.

Pembe zenyewe ni tatu. Tou ni namna magurudumu mawili ya mbele yanavyoelekeana ukiyatazama kwa juu, kama vidole vya miguu ya mtu aliyesimama. Kemba ni gurudumu kuinama, kichwa kikaingia ndani au kikatoka nje. Kasta ni mlalo wa ule mhimili ambao gurudumu hugeukia, na ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe ukishamaliza kona. Tou ikikosewa tairi zinaliwa, lakini magurudumu yote mawili hugawana lile kosa na gari likaendelea mbele. Gari huvuta pale kemba au kasta ya upande mmoja inapotofautiana na ya mwenzake. Huelekea upande ambao gurudumu limeinama nje zaidi kwa juu, au upande wenye kasta ndogo.

Sasa gari ndogo nyingi za rika hili zina mguu wa mbele wa MacPherson, shokapu na springi kwenye nguzo moja. Aliubuni mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, ukaonekana kwenye Ford Consul mwaka 1950. Ni mwepesi na rahisi kutengeneza, ila mara nyingi pembe pekee inayorekebishika kwa spana ni tou. Kemba au kasta ikihama, ujue kuna chuma kimepinda au mpira umechakaa.

Kabla ya kulilaumu gari, itazame barabara. Lami huinuliwa katikati ili maji ya masika yateremke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kila gari linateremkia kushoto kidogo. Lijaribu kwenye uwanja tambarare. Kisha pima upepo wa tairi zote zikiwa baridi. Halafu badilisha tairi mbili za mbele, ya kulia iende kushoto, kama si zile zenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia kulia, mgonjwa ni tairi. Ukirudi kutoka safari, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Rimu moja ikiwaka joto kuliko mwenziwe, breki ya upande huo imeng'ang'ania.

Tairi yenyewe ina maandishi. Pitisha kiganja juu ya meno yake, kutoka nje kwenda ndani, halafu urudi. Ukienda ndani ni laini na ukirudi inakukwaruza, magurudumu yameelekeana ndani mno. Ikiwa kinyume, yametazama nje. Ukingo mmoja umelika peke yake bila mikwaruzo, ifikirie kemba. Vishimo vishimo kuzunguka tairi ni shokapu iliyokufa. Mimi naiamini tairi kuliko maneno ya gereji, pamoja na mashine zao.

Langu lilijulikana kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye hakushika hata spana. Aliniambia niwashe gari, mguu uwe juu ya breki, nilisukume mbele na nyuma taratibu, mwenyewe akachutama pembeni akimulika tochi. Gurudumu la kulia limetulia. La kushoto, kila nikikanyaga breki, linarudi nyuma kwa upana wa kidole. "Mwanangu," akasema, "hili si la alaimenti. Bushi ya mkono imepasuka." Mkono ni chuma cha chini kinachoshikilia gurudumu kwenye gari, na bushi ni mpira wa kwenye kiungo chake.

Gurudumu likirudi nyuma kasta inapungua upande ule, na gari linavuta huko huko. Alaimenti zangu mbili zilipimwa juu ya mkono unaocheza.

Na usukani uliokaa upande? Chumvi ya bahari. Nati ya tairodi ya kulia, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, ilikuwa imeshikana kwa kutu, yule fundi wa pili akaona taabu, akarekebisha tou yote kwa upande wa kushoto peke yake. Hesabu ilitimia, lakini usukani ukapinda.

Tulibadilisha bushi za pande zote mbili, nati ikalazwa usiku kucha kwenye mafuta ya kulainisha kutu, ndipo tukafanya alaimenti ya tatu. Corolla bado inateremkia kushoto kidogo pale lami inapoinama. Uwanjani inanyooka.