Rubani huongea na nani Kidepo?

Imani hii imeota mizizi: kiwanja cha ndege kisicho na mnara wa kuongozea ndege, redio ya rubani haina kazi, maana hakuna wa kumpa ruhusa ya kutua. Ruhusa kweli haipo. Lakini Kidepo au Kihihi, viwanja vidogo vya Uganda vinavyohudumia mbuga za wanyama, tofauti na Entebbe yenye mnara, rubani huwatangazia wenzake kwenye masafa ya redio ya pamoja, kwa maneno kama haya: “Kihihi, Cessna Caravan, maili kumi kusini, futi elfu saba, naja kutua, Kihihi.” Jina hurudiwa kwa sababu masafa hayohayo yaweza kusikika kwenye viwanja kadhaa. Kuuliza tu “kuna ndege hapo?” ni uvivu, sema ulipo. Na macho yabaki nje, kwani asiye na redio hajibu. Nyati aliye kwenye njia ya kutua pia.