Nyumba ya Mafungo ya Kale: Maji Kwanza, Vitanda Baadaye

Kila ninapoitwa kushauri kuhusu nyumba ya kale ya misheni ambayo shirika au jimbo linataka kuifanya nyumba ya mafungo, yaani mahali pa watu kulala na kusali kimya, swali la kwanza huwa ni moja: je, kila chumba kinaweza kuwa na bafu lake? Ni swali la haki, kwa kuwa wageni wengi ni watu wazima na hawapendi kutafuta choo gizani. Hata hivyo, kwa uzoefu wangu kama msanifu wa majengo ya kale, nyumba hizi haziharibiwi na uzee kama zinavyoharibiwa na maji tunayoyaingiza ndani na saruji tunayoifichia madhara yake.

Chukua mfano wa Bagamoyo. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika huko mwaka 1868, na kimbunga cha Aprili 1872 kikawabomolea sehemu kubwa ya majengo. Nyumba ya zamani ya masista, ambayo leo ni makumbusho, ni ya miaka iliyofuata, na kama majengo mengi ya pwani ya wakati huo ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo yana vitundu vingi, hivyo unyevu hupanda kutoka ardhini na kutokea taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, unyevu hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuganda, na baada ya misimu michache ya masika ukuta huanza kubanduka vipande vipande. Fundi asiyejua chanzo huongeza saruji, na tatizo huhamia juu zaidi.

Kwa hiyo mabafu siyatawanyi. Huyapanga yote upande mmoja wa nyumba, ya ghorofani juu ya yale ya chini, mabomba yakipita nje ya ukuta ambako uvujaji unaonekana siku hiyohiyo. Mahali ambapo uwanja unaruhusu, napendelea kujenga jengo dogo la mabafu nyuma ya nyumba na kuliunganisha kwa ujia wenye paa. Tangi la maji haliwekwi juu ya dari kamwe: lita 1,000 ni tani moja kamili, na boriti za mikoko hazikukusudiwa kubeba mzigo huo. Mnara wake ujengwe kando.

Urefu wa boriti hizo ndio pia ulioamua upana wa vyumba, ambao katika nyumba nyingi za kale za pwani hauzidi mita tatu hivi. Wafadhili hulalamika na kutaka kuta za kati zibomolewe. Mimi huwapinga, kwanza kwa sababu kuta hizo ndizo zinazobeba sakafu ya juu, na pili kwa sababu mtu aliyekuja kusali kimya anahitaji kitanda, meza, kiti na dirisha tu. Kuta nene huzuia sauti vizuri, lakini sakafu ya ghorofa husafirisha kila hatua, kwa hiyo ukumbi wa mazungumzo na chumba cha kulia hubaki chini, mbali na kikanisa. Wazee nao hupewa vyumba vya chini.

Kuhusu hewa, rudisheni madirisha ya mbao na roshani, kisha wekeni feni. Nyaya za umeme zipite juu ya ukuta badala ya kuchimbiwa mifereji.

Jambo la sheria husahaulika. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na nyumba nyingi za misheni ni changa kidogo kuliko hapo, kwa hiyo hazilindwi moja kwa moja isipokuwa zimetangazwa rasmi. Kukosa tangazo hilo si ruhusa ya kubomoa. Waoneni maofisa wa mambo ya kale kabla ya kuleta mafundi.

Kazi yenyewe ianze baada ya masika, kwa kuwa chokaa hukomaa polepole na lipu mpya hufunikwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke ghafla. Ninapoandaa bajeti huweka pia fungu la kila mwaka la kupaka chokaa upya na kusafisha mifereji ya paa, na fungu hilo huliomba kabla ya fedha za samani.