Unga wa "seli shina" na ile A iliyoonekana kwenye karatasi

Tangu Juni 19, siku ya dunia ya drepanositozi (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi), maabara ya hospitali yetu hapa Lubumbashi inapokea wazazi wenye swali moja. Kuna watu wanaopita komini za Katuba, Kenya na Ruashi wakiuza vifuko vya unga wanaosema una seli shina. Mtoto akiulamba chini ya ulimi miezi mitatu, wanasema, SS (mwenye ugonjwa, aliyerithi S kwa baba na kwa mama) inageuka AS (mwenye S moja tu, asiyeugua). Uongozi umeniomba niandike. Simlaumu kila muuzaji. Wengine nao waliuziwa hadithi hiyo kwa feza zao.

Mama mmoja alikuja na mtoto wa miaka sita na karatasi mbili za elektroforesi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini ya damu: A ya kawaida, S ya ugonjwa, F ya utotoni. Ya kwanza, ya kabla ya unga, ilionyesha S na F kidogo, A hakuna. Ya pili, kutoka kliniki nyingine, A ilikuwa imeipita S. "Dokta, nilikuya muone kama ile SS ya mutoto ilisha kutoka." Nikamuuliza kama mtoto aliongezwa damu. Akafikiri kidogo, akasema ndiyo, mara mbili, wiki tatu kabla ya kipimo. Basi ile A ilikuwa ya watu waliotoa damu. Chembe nyekundu za mtu mwenye AA, asiye na S, huishi siku kama 120, ndiyo maana tunasubiri miezi mitatu hadi minne kabla ya kupima tena. Tulisubiri. Nilipompima, A haikuwepo. Lakini picha ya karatasi ya pili ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za watu kama ushahidi.

Seli shina ni seli hai. Inajigawa, na katika kugawanyika inaweza kubaki kama ilivyo au kutoa seli yenye kazi maalumu. Zilizo ndani ya uboho wa mifupa hutengeneza damu: chembe nyekundu karibu milioni 2 kila sekunde. Za ngozi hutengeneza ngozi, na madaktari huziotesha ili kufunika majeraha makubwa ya moto. Za ukingo wa konea, kioo cha mbele cha jicho, hutengeneza konea. Kila moja na nyumba yake. Zile za kiinitete (mimba ya siku chache), ambazo mtafiti James Thomson wa Wisconsin, Marekani, aliziotesha kutoka kwa binadamu mwaka 1998, zinaweza kuwa seli ya kiungo chochote. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alitumia jeni 4 kurudisha seli za kawaida za panya kwenye hali kama hiyo, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2012. Matumizi mengi ya aina hizi mbili bado yako kwenye utafiti.

Tiba iliyozoeleka ni ya kupandikiza uboho wa mtu mwingine. Daktari Mmarekani E. Donnall Thomas alipata Nobel mwaka 1990 kwa kazi hiyo, na mwaka 1988 huko Paris mtoto alitibiwa kwa seli za damu ya kitovu. Ni tiba ya saratani ya damu, na ya SS pia, ndiyo, inaponya. Ila kwanza uboho wa mgonjwa unauawa kwa dawa kali, na anayetoa lazima alingane naye kwa aina ya tishu. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ya kulingana kabisa ni 1 kwa 4. Wapo wanaokufa katika safari hiyo. Hospitali yetu haiifanyi. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kurekebisha jeni kwenye seli shina za mgonjwa mwenyewe, kuanzia miaka 12. Bei ya mojawapo Marekani ilitangazwa wakati huo kuwa dola milioni 2.2. Na zote hizi zinapitia mshipani.

Ukiambiwa seli za unga huo ni za mimea: mimea nayo ina seli shina, hilo si uongo. Ya tufaha inajua kutengeneza tufaha. Ukiimeza, tumbo linaisaga sawasawa na mboga ya sombe. Nimechoka kulieleza hili, lakini nitalieleza tena.

Ukiuziwa kifuko, usikitupe. Andika juu yake tarehe, mahali na bei. Andika barua, nakala mbili, upeleke ofisi ya eneo la afya kwa daktari mkuu wa eneo. Nakala moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Bila muhuri hutaweza kufuatilia. Kutoka hapo suala linaenda kwenye ukaguzi wa afya wa jimbo. Dawa yoyote inahitaji kibali cha ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo, kabla ya kuuzwa, na "kirutubisho" kinachodai kuponya ugonjwa kinajiita dawa chenyewe. Mfanyakazi wetu akikamatwa akiuza wodini anapewa ombi la maelezo, saa 48 za kujibu kwa maandishi, kisha anasimamishwa. Akirudia, mkataba unavunjwa.

Dawa ya kila siku ya SS ipo, haidroksiurea. Utafiti uliotoka mwaka 2019, Kinshasa ikiwa moja ya vituo vyake vinne vya Afrika, ulionyesha watoto wakipungukiwa na maumivu, kuongezwa damu, malaria na vifo. Lazima damu ipimwe mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue sokoni.

Ukija kupima elektroforesi, tuambie lini mtoto aliongezwa damu mara ya mwisho. Kwenye kadi ya mtoto wa yule mama nimechora kwa kalamu safu ya tarehe hiyo, kwa sababu kadi zetu hazikuwa nayo.