Misingi ya kuanzisha huduma binafsi ya tiba ya mazungumzo: dhana potofu na ukweli

Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo anayeacha ajira ili kuhudumia wateja peke yake huondoka na ujuzi wake wote, lakini huacha nyuma mambo mengi ambayo hakuwahi kuyatilia maanani kwa sababu yalikuwa yakifanywa na wengine: mtu wa mapokezi aliyepanga miadi, kabati la majalada lililofungwa kila jioni, mkuu wa idara aliyepigiwa simu mteja alipotamka kwamba amechoka kuishi, na mwenzake wa chumba cha pili aliyeweza kuulizwa neno dakika tano kabla ya kikao kinachofuata. Dhana potofu nyingi kuhusu kujitegemea katika kazi hii huzaliwa hapo, katika kudhani kwamba kilichoachwa nyuma kilikuwa urasimu tu. Mimi nashikilia kwamba msingi wa huduma ya mtu mmoja ni maamuzi yanayofanywa kabla mteja wa kwanza hajaketi, hasa yale yanayohusu siku ambayo jambo litakwenda mrama.

Dhana: Hatua ya kwanza ni kupata ofisi nzuri

Hatua ya kwanza ni kujua kama unaruhusiwa. Katika nchi nyingi usajili wa kitaaluma na usajili wa biashara hutolewa na mamlaka mbili tofauti, na kuwa na mmoja hakumaanishi kuwa na mwingine. Tena zipo ngazi za leseni zinazomruhusu mtu kutibu akiwa chini ya msimamizi tu, si kufungua huduma yake mwenyewe. Mambo haya huulizwa kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi, kabla ya mkataba wa pango kusainiwa.

Pamoja na leseni huja bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ile inayomkinga mtaalamu anapodaiwa fidia kwa kazi yake, na hapa pana jambo ambalo wengi hulipita bila kulisoma. Baadhi ya bima hulipa tu iwapo dai limewasilishwa wakati bima ingali hai. Nyingine hulipa kwa tukio lililotokea wakati bima ilikuwa hai, hata kama dai litakuja miaka mingi baadaye. Anayekata bima ya aina ya kwanza, kisha akaiacha siku anapostaafu au kubadili kampuni, anaweza kujikuta hana kinga kwa kazi aliyoifanya kwa uangalifu miaka mitatu iliyopita. Malalamiko katika taaluma hii mara nyingi huchelewa, kwa hiyo tofauti hiyo si ya maneno.

Ofisi yenyewe ina sharti moja linalozidi mengine yote, nalo ni sauti. Washa redio kwa kiasi cha mazungumzo ya kawaida, iweke pale ambapo mteja ataketi, toka nje, funga mlango, kisha kaa kwenye kiti cha kusubiria. Ukisikia mvumo tu, chumba kinafaa; ukisikia maneno, hakifai, hata kama dirisha lake linatazama bustani. Sauti hupenya zaidi kwenye uwazi ulio chini ya mlango kuliko ukutani, na ukanda wa mpira uliobanwa hapo husaidia kuliko zulia la gharama kubwa. Mashine ya mvumo, kifaa kinachotoa sauti tulivu ya kufunika maneno, nayo huwekwa nje ya mlango, karibu na masikio ya anayesubiri, wala si ndani, kwani anayepaswa kuzuiwa kusikia ni yule wa nje. Saa ya ukutani huwekwa nyuma ya kiti cha mteja, ili mtaalamu aione bila kutazama mkono wake wakati mtu analia.

Dhana: Kuzungumzia fedha kunachafua uhusiano wa tiba

Hii ndiyo dhana inayoumiza watu wengi, kwa kuwa imevaa sura ya huruma. Mtaalamu mpya huona aibu kutaja ada yake, huitaja kwa sauti ya chini mwishoni mwa mazungumzo ya simu, au huiacha kabisa akitumaini kwamba mteja atauliza. Matokeo yake huonekana mlangoni, kikao cha kwanza kikiwa kimekwisha: mteja, macho yakiwa bado mekundu, amesimama na pochi mkononi akiuliza alipe kiasi gani, na mtaalamu anababaika. Katika dakika hiyo moja mteja amejifunza kwamba hapa kuna jambo lisilozungumzika, na hilo ndilo somo ambalo tiba ingepaswa kumwondolea.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeasisi uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1913 kwamba kila mgonjwa wake hukodi saa yake maalumu na anawajibika kuilipia hata asipoitumia, na alihimiza mambo ya fedha yasemwe wazi tangu mwanzo. Mtu huyo huyo, akihutubia wenzake mjini Budapest mwaka 1918, alitabiri kwamba siku moja tiba hii ingetolewa bure kwa wasio na uwezo. Kliniki ya namna hiyo ilifunguliwa Berlin mwaka 1920 na nyingine Vienna mwaka 1922. Uwazi kuhusu ada na moyo wa kuwajali wasio nacho havijawahi kuwa maadui.

Upo pia ushahidi wa nadharia. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Bordin alieleza mwaka 1979 kwamba ushirikiano kati ya mtaalamu na mteja una sehemu tatu: makubaliano kuhusu malengo, makubaliano kuhusu kazi itakayofanyika, na uhusiano wa kuaminiana. Mbili kati ya hizo ni makubaliano. Anayesema waziwazi kikao ni dakika ngapi, kinagharimu kiasi gani, na nini hutokea kikifutwa chini ya saa 24 kabla ya wakati wake, tayari ameanza kuujenga ushirikiano huo.

Kuhusu nafasi za ada nafuu, ushauri wangu ni kuamua idadi yake mapema, kwa mfano nafasi 3 kati ya 20, na kuzijaza zote. Anayempunguzia kila aombaye, kwa kiasi kinachotegemea jinsi alivyoguswa siku hiyo, hatimaye huanza kuwaonea kinyongo watu aliowapunguzia, nao hawajui kosa lao.

Dhana: Vikao 20 kwa wiki ni mapato ya vikao 20 mara 52

Vikao 20 kwa wiki 52 ni vikao 1,040. Ondoa wiki 6 za likizo, ugonjwa, mafunzo na sikukuu, zinabaki wiki 46, yaani vikao 920. Ikiwa kikao 1 katika kila 10 kinafutwa bila malipo, vinabaki 828. Vikao 212 vimekwisha kupotea kabla ya kulipa pango, bima, usimamizi wa kitaaluma (vikao vya kupitia kazi yako pamoja na mtaalamu mwingine) na kodi. Ada inayopangwa kwa kuangalia tu wengine wanatoza kiasi gani, bila hesabu hii, ndiyo inayomfanya mtu mwema aongeze wateja hadi anapoacha kuwasikiliza. Na kila kikao cha dakika 50 kina kazi yake ya pembeni: kuandika kumbukumbu, kujibu ujumbe, kusoma. Mtaalamu mwenye vikao 20 hana nafasi kubwa iliyobaki katika wiki yake. Akaunti ya benki ya huduma itenganishwe na ya nyumbani tangu malipo ya kwanza. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Dhana: Usiri ni kamili, na fomu ya ridhaa ni ya kusainiwa tu

Usiri una mipaka, na mteja ana haki ya kuijua kabla hajafungua moyo wake. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo la California, katika kesi iliyotokana na mauaji ya mwaka 1969, iliamua kwamba mtaalamu anayebaini, au aliyepaswa kubaini, kuwa mteja wake ni tishio kubwa kwa mtu mwingine, ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda mtu huyo. Sheria hazifanani kila mahali, lakini hatari ya mtu kujiua, mtoto anayedhulumiwa na amri ya mahakama ni mipaka inayotambuliwa na taaluma hii kwa upana. Mtaalamu aliye peke yake lazima aisome sheria ya mahali pake mwenyewe, kwa sababu hakuna ofisi ya sheria itakayomkumbusha.

Fomu ya ridhaa yenye kurasa nane zilizonakiliwa kwa mtu mwingine haimlindi yeyote. Iliyo nzuri husomeka kwa dakika chache na kujibu maswali ambayo mteja huona haya kuyauliza: nani mwingine atajua nilikuja hapa, nikikupigia usiku utapokea, nikitaka kuacha nifanyeje, nikiwa na malalamiko juu yako niyapeleke wapi. Kisha izungumzwe kwa mdomo. Sentensi kuhusu dharura ndiyo inayohitaji ukweli mwingi zaidi: ikiwa hupokei simu usiku, sema hupokei, na umwandikie mteja namba ya huduma ya dharura inayofanya kazi usiku. Ahadi ya upendo isiyotimizika ni hatari kuliko mpaka uliotamkwa kwa upole.

Dhana: Kumbukumbu za vikao ni zangu, na kadiri nisivyoandika ndivyo ninavyokuwa salama

Katika Umoja wa Ulaya, ambako kanuni ya ulinzi wa data ilianza kutumika mwaka 2018, taarifa za afya zimewekwa katika kundi linalohitaji ulinzi wa ziada, na mteja ana haki ya kuomba nakala ya taarifa zake. Sheria za nchi nyingine nyingi zimefuata mwelekeo huo. Kwa hiyo kila sentensi iandikwe kana kwamba mteja ataisoma akiwa ameketi mbele yako. Kutoandika si kinga pia, maana linapotokea jambo zito, kumbukumbu fupi inayoonyesha kwamba uliuliza kuhusu hatari, ulijibiwa nini na mkakubaliana nini, ndiyo shahidi wa pekee wa uangalifu wako.

Tundu kubwa la siri siku hizi si kabati, ni simu. Namba za wateja zikihifadhiwa kwa majina kamili kwenye simu binafsi, programu za mawasiliano zinazosoma orodha ya majina zinaweza kumpendekezea mteja mmoja awe rafiki wa mwingine, au kuonyesha jina lake kwenye kioo simu ikiwa mezani pa chakula. Namba ya pekee kwa ajili ya kazi na majina ya kufupishwa huziba sehemu kubwa ya tundu hilo.

Dhana: Uhitaji ni mkubwa, wateja watakuja wenyewe

Uhitaji kweli ni mkubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mtu 1 katika kila 8 duniani, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Hata hivyo mtu aliyekosa usingizi kwa miezi mitatu hatafuti "huduma kamili za kisaikolojia kwa rika zote". Anatafuta mtu anayelijua tatizo lake. Maelezo yanayotaja waziwazi unawasaidia akina nani, na nani utampeleka kwa mwenzako, huleta wateja wanaofaa na kuwaepusha wengine na safari ya bure. Orodha ya rufaa yenye daktari wa magonjwa ya akili, wakili na wataalamu wenzako wawili ni sehemu ya msingi, si nyongeza ya baadaye.

Njia moja ya kujitangaza imefungwa. Maadili ya chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, yanakataza kuwaomba wateja walio katika tiba watoe ushuhuda wa kukusifu, na sababu yake ni ya kibinadamu: mteja anayekutegemea hana uhuru wa kukukatalia. Kwa sababu iliyo jirani na hiyo, rafiki na ndugu wasiwe wateja wa kwanza wa kujazia ratiba.

Dhana: Kufanya kazi peke yako maana yake huna wa kumjibu

Upweke ndio hatari ya kimya ya kazi hii. Chama cha Uingereza cha ushauri nasaha na tiba ya kisaikolojia, BACP, kinawataka wanachama wake wenye ithibati wapate angalau saa 1.5 za usimamizi wa kitaaluma kila mwezi, na wenye uzoefu wa miaka mingi hawasamehewi. Anayejitegemea anahitaji usimamizi huo kuliko aliyeajiriwa, kwa kuwa hana korido ya kukutania na mwenzake baada ya kikao kigumu. Msimamizi huyo atafutwe na kulipiwa kabla ya mteja wa kwanza kupatikana.

Kuna karatasi moja zaidi ambayo karibu kila mtaalamu mpya huiahirisha, nayo ni wosia wa kitaaluma. Humtaja mwenzako mmoja wa fani hii aliyekubali kwa hiari, na kumweleza mambo machache: ufunguo wa kabati uko wapi, nywila ya kompyuta inapatikanaje, orodha ya wateja wa sasa iko ukurasa gani, nani kati yao yuko katika hali tete, na kumbukumbu zihifadhiwe au ziharibiwe lini. Mke, mume au mtoto wako hafai kazi hii, kwani siku hiyo atakuwa na msiba wake, tena hana haki ya kuyasoma majina hayo. Ukilazwa hospitalini usiku wa Jumapili, mteja wa saa tatu asubuhi ya Jumatatu anapaswa kupigiwa simu na mtu anayejua namna ya kumwambia, kabla hajafika kwenye mlango uliofungwa.