Je, Wajua? Kwa Nini Dawa ya Bakteria Huua Kimelea cha Malaria

Mgeni anayeteremka gatini Lamu mara nyingi ana doksisaiklini, dawa ya bakteria, mkobani: kidonge kimoja kila siku, kinga ya malaria. Kidonge hichohicho mwenyeji huandikiwa akiugua kifua. Hapo ndipo maelezo mawili yasiyo ya kweli huzaliwa: kwamba dawa hufukuza mbu, na kwamba malaria husababishwa na bakteria. Mbu hana habari, anauma vilevile. Na plasmodiamu, kimelea cha malaria, si bakteria. Ni seli moja yenye kiini kinachohifadhi DNA, na kwa nasaba iko karibu nasi kuliko na bakteria wa kipindupindu. Penisilini hushambulia ukuta wa seli ya bakteria. Plasmodiamu haina ukuta huo, basi haiguswi.

Ila ndani yake mna kijifuko, apikoplasti, ambacho ni mabaki ya mwani uliomezwa na wahenga wake zama za kale. Ushahidi mwingi waelekea mwani mwekundu, ambao nao asili yake ilikuwa imemeza bakteria. Naam, kumezana juu ya kumezana. Kijifuko hicho hakitumii tena mwanga wa jua, lakini kingali na DNA yake ya duara, herufi takriban 35,000, na mitambo ya kibakteria. Doksisaiklini hukwamisha utengenezaji wa protini humo. Siprofloksasini, dawa nyingine ya bakteria, hulenga kimeng'enya (protini inayoendesha kazi ndani ya seli) cha DNA yenyewe, jairezi.

Chukua kamba ya makumbi ya jahazi, unga ncha zake iwe duara, kisha jaribu kuachanisha nyuzi zake. Mbele ya vidole kamba hujisokota, hujikunja, mwisho hukataa katakata. DNA nayo ni nyuzi mbili zilizosokotana, na inaponakiliwa hupata taabu iyo hiyo. Jairezi hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine cha DNA kwenye mwanya, kisha huunga. Siprofloksasini hujipachika baada ya kukata, kabla ya kuunga. Binadamu hana jairezi. Ana vimeng'enya vya ukoo huo, ila umbo ni jingine na dawa huvigusa kwa shida.

Hata hivyo, siprofloksasini ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa malaria haikufua dafu. Doksisaiklini nayo huchelewa: kimelea kilichopata dawa huzaliana kama kawaida, na kizazi chake ndicho hufa katika mzunguko unaofuata, kama saa 48 baadaye. Kwa kinga yatosha. Aliyekwisha kushikwa na homa huanzishiwa artemetheri-lumefantrini, ambayo shabaha yake si apikoplasti.