Hapana, jeshi la Israeli halikuundwa na Waingereza

Juzi mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili kaandika tena kwenye mtihani kwamba jeshi la Israeli liliundwa na Waingereza mwaka 1948. Nimeshaisahihisha sentensi hiyo hadi mkono umechoka. Leo naieleza hapa, mara moja.

Amri ya serikali ya Israeli ya Mei 26, 1948 ililipatia jeshi sheria na jina. Chimbuko lake ni lindo la usiku, miaka 41 nyuma.

Septemba 1907 vijana wachache wa Kiyahudi waliotoka Urusi, ambako damu ya Wayahudi waliouawa mjini Kishinev mwaka 1903 ilikuwa bado mbichi, walikutana Jaffa, Palestina, chumbani kwa mwenzao Yitzhak Ben-Zvi, wakaanzisha kikundi cha siri: Bar-Giora. Nchi ilikuwa chini ya Waosmani, yaani dola ya Kituruki. Mwingereza hayupo.

Wakaenda Sejera, Galilaya, kwenye shamba la Wayahudi lililolindwa na Mcherkesi, Mwislamu mwenye asili ya Kaukazi. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja walimtoa zizini mnyama wa meneja, kisha wakamwamsha: mlinzi wako yuko wapi? Hakuwepo. Basi lindo likawa lao. Hadithi hii tumeipokea kwa walioipata kazi, si kwa aliyeipoteza, ndiyo maana kila ninapoifundisha nasita. Tena neno “kujilinda” linafunika jambo: kazi ile ilikuwa riziki ya mtu. Walinzi wa Kiarabu na Kicherkesi waliondolewa, na uhasama mwingine ulianzia hapo hapo. Je, lindo lile lilipunguza mapigano au liliyachochea? Nimesoma miaka mingi, na bado nabadili mawazo.

Mwaka 1909 kutoka Bar-Giora ikazaliwa Hashomer, chama cha walinzi: mikataba ya ulinzi na vijiji, farasi, kilemba cha Kibedui, Kiarabu mdomoni. Wengi huichora Haganah, jeshi la siri la Wayahudi ambalo mwaka 1948 lilikuwa kiini cha jeshi la Israeli, kama mtoto wake. Sikubali. Hashomer walikuwa wachache, wa kuchaguliwa, wenye kiapo. Haganah, iliyoundwa 1920 baada ya ghasia za Jerusalem, ilimtaka kila mkulima na kibarua ajue kushika bunduki, na iwe chini ya chama cha wafanyakazi. Wakongwe wa Hashomer waligombana nayo kwa miaka.

Waingereza wana sehemu yao, sikatai. Mwaka 1915 kikosi cha Kiyahudi cha nyumbu huko Gallipoli kiliongozwa na afisa wa Kiingereza John Henry Patterson, yule yule aliyewaua simba wala watu wa Tsavo mwaka 1898. Mwaka 1938 afisa mwingine wao, Orde Wingate, aliwafundisha vijana wa Haganah kushambulia usiku.

Lakini nenda Rehovot, 1945. Chini ya ardhi, mita kama nane, Haganah ina kiwanda cha risasi. Unaingilia chini ya mashine kubwa ya kufulia, inayozungushwa pembeni, na ngurumo ya dobi inameza kelele za mitambo. Hadi 1948 zilitoka humo risasi zaidi ya milioni 2. Kilifichwa ili Mwingereza, aliyeitawala nchi wakati huo, asikione, na nguo za askari wake zilifuliwa pale pale juu.